Saa tatu zilizopotea kati ya Windows na Ubuntu

Leo nataka tuzungumze kuhusu saa. Sio ile ya mkononi wala ya ukutani, bali ile saa ndogo inayokaa ndani ya kompyuta yako na kuendelea kuhesabu hata ukiizima.

Ukiweka mifumo miwili ya uendeshaji katika kipakatalishi kimoja, Windows upande huu na Linux upande ule, matatizo utakayoyasikia sana ni yale ya kuwasha. GRUB imepotea. Windows haionekani kwenye menyu. BitLocker imefunga diski na inadai ufunguo wa tarakimu 48 ambao hakuna mtu anayekumbuka uliandikwa wapi. Hayo yana kelele: kompyuta inagoma, unajua kuna shida, unatafuta dawa. Hili la saa halina kelele. Kompyuta inawaka vizuri, programu zote zinafunguka, ila saa imekosea kwa saa tatu kamili. Kesho iko sawa. Kesho kutwa imekosea tena. Watu wengi huirekebisha kwa mkono kisha wakaendelea na shughuli zao, na sio ajabu, kwani nani ana muda wa kuchunguza saa?

Shangazi yangu nusura avuliwe uweka hazina wa chama chake kwa sababu ya saa hiyo.

Anaishi Voi. Chama chao kina akina mama 18, na hukutana mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, saa nane mchana. Kila mmoja hutoa shilingi 2,000, zinakuwa 36,000, anakabidhiwa mmoja. Wako pia na mfuko wa kukopeshana, na hapo ndipo pesa kubwa ziko. Tangu Januari 2024 shangazi amekuwa akiweka hesabu kwenye lahajedwali la Excel badala ya daftari. Alijifunza mwenyewe, na alijifunza vizuri kuliko vijana wengi ninaofanya nao kazi. Mchango ukiingia kwa M-Pesa, anasikia simu ikilia, anaandika jina na kiasi, halafu kwenye safu ya mwisho anabonyeza Ctrl, Shift na nukta mkato kwa pamoja. Excel inajaza saa ya wakati huo yenyewe. Ni mimi niliyemwonyesha njia hiyo ya mkato, naye aliipenda kwa sababu, alisema, hakuna atakayedai ameandika saa ya kubuni.

Kipakatalishi hicho wanakitumia watu wawili. Siku za wiki kinakuwa cha binamu yangu, mwanawe, anayesomea mambo haya haya ya kompyuta katika chuo kilicho karibu na nyumbani. Septemba 2024 aliweka Ubuntu 24.04 kando ya Windows 10. Aliiweka vizuri kabisa: alipunguza sehemu ya Windows, akaacha nafasi, akafunga Ubuntu hapo, na menyu ya GRUB ikatokea kama inavyotakiwa. Shangazi alifundishwa kuchagua mstari ulioandikwa Windows, na hakuhitaji kujua zaidi.

Sasa sikia. Tarehe 8 Machi 2025 walikutana kama kawaida (ilikuwa pia Siku ya Wanawake Duniani, kwa hivyo kulikuwa na pilau). Jioni shangazi alituma picha ya hesabu kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Mmoja wao akaangalia mstari wake, kisha akaangalia ujumbe wake wa M-Pesa. M-Pesa ilisema alituma saa 3:14 PM. Lahajedwali lilisema mchango wake uliandikwa 12:16.

Akauliza kwa adabu tu: dada, uliandika pesa zangu kabla sijatuma?

Wengine nao wakatoa simu zao. Kila aliyetuma kwa M-Pesa alikuta hali ileile, kitabu kiko mbele ya pesa. Hapo ndipo moto ulipowaka, tena ukawaka kwa njia ya Kiswahili hasa. Kuna waliosoma 12:16 kama saa sita na dakika kumi na sita mchana, wakasema hesabu zote zilipikwa nyumbani kabla ya mkutano. Na kuna waliosoma 12:16 kama zilivyo tarakimu, saa kumi na mbili na dakika kumi na sita, yaani magharibi, wakasema hesabu zilibadilishwa baada ya watu kwenda zao. Kambi hizo mbili hazikubaliani hata kidogo kuhusu wakati wa wizi, lakini zinakubaliana kwamba kuna wizi. Ikaitishwa mikutano ya pembeni. Jina la chifu likatajwa. Mwenyekiti akapanga mkutano maalum tarehe 22 Machi.

Shangazi alipeleka mashine kwa fundi mjini. Fundi akamwambia betri ya saa imekwisha, akaweka nyingine, akachukua pesa zake. Siku mbili baadaye saa ilikosea tena. Ndipo akanipigia.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijaiba. Lakini hata mimi nikiangalia kile kitabu naona kama nimeiba."

Nilishuka Voi kwa garimoshi Ijumaa tarehe 21, nikiwa na usiku mmoja kabla ya mkutano.

Nieleze kwanza kwa nini sikuamini hadithi ya betri. Ile betri ndogo ya duara, katika mashine nyingi CR2032, ndiyo inayoipa uhai saa ya kwenye ubao mkuu kompyuta ikiwa imezimwa. Ikifa, saa husimama au hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na utaona mwaka wa ajabu, labda kurasa za wavuti zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Betri haifi kwa saa tatu kamili. Haijui kuhesabu hivyo. Ukiona kosa la saa tatu kamili, bila dakika ya ziada, na wewe uko Kenya, wazo la kwanza liwe moja tu: sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Mtu fulani ndani ya mashine anajumlisha au anatoa tofauti hiyo mahali pasipofaa.

Nikaangalia kanda ya saa kwenye Windows. Imeandikwa (UTC+03:00) Nairobi. Sawa. Nikawasha Ubuntu, nikafungua terminali, nikaandika timedatectl. Kanda ni Africa/Nairobi. Sawa pia. Hakuna aliyekosea, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo.

Shida inatoka kwenye ubao. Saa ya ubaoni huhifadhi tarakimu tu: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Haihifadhi kanda. Ikisema 15:00, haisemi ni 15:00 ya Voi au ya London. Kila mfumo wa uendeshaji una desturi yake ya kuzisoma tarakimu hizo. Windows huzisoma kama saa ya mahali ulipo. Hiyo ni desturi iliyotoka enzi za MS-DOS na zile IBM PC AT za 1984, wakati kompyuta ya mezani haikuwa na habari ya kanda za saa. Mwaka 2004 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, aliwahi kueleza kwamba desturi hiyo ilibakizwa ili kutovunja mambo ya zamani. Linux nayo, ikifuata ukoo wa Unix unaohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa UTC, huzisoma tarakimu zilezile kama UTC, kisha inajumlisha tofauti ya kanda ili ikuonyeshe saa ya kwako.

Sisi Waswahili tusione ajabu. Tuna saa moja ukutani, mshale uko kwenye 9, na mmoja anasema ni saa tatu na mwingine anasema ni nine o'clock, wote wawili hawajakosea. Tumezoea kutafsiri bila kufikiri. Kompyuta hazitafsiri kama hakuna aliyeziambia.

Basi fuata mambo yalivyokwenda. Tuseme sasa hivi ni saa tisa alasiri, na Windows imeandika 15:00 ubaoni. Binamu anawasha Ubuntu. Ubuntu inasoma 15:00, inadhani ni UTC, inajumlisha saa tatu, inaonyesha 18:00. Akiunganisha intaneti, Ubuntu inauliza seva za saa, inagundua ukweli, inajirudisha 15:00. Hadi hapo hakuna aliyeumia. Lakini baada ya kusawazishwa, kiini cha Linux hukumbuka pia kuisahihisha saa ya ubaoni, kila baada ya dakika 11 hivi, nacho huandika kwa desturi yake: 12:00, maana ndiyo UTC. Binamu anazima, analala. Kesho shangazi anawasha Windows. Windows inasoma ubao kwa desturi yake, na shangazi yuko saa tatu nyuma.

Kama angekuwa na intaneti, Windows hatimaye ingejisawazisha. Mkutano wa chama hufanyika chini ya mwembe nyumbani kwa mwanachama. Hakuna Wi-Fi pale. Shangazi hana sababu ya kuunguza bando lake kwa lahajedwali. Kwa hivyo Windows inakaa nyuma mkutano mzima, na kila akibonyeza ile njia ya mkato, Excel inamuuliza Windows ni saa ngapi na kuandika jibu. Tena inaandika sehemu ya siku tu, bila kanda: 12:16 kwa Excel ni 0.5111 ya siku, basi. Hakuna chochote ndani ya seli ile cha kukueleza baadaye kwamba saa ilikuwa mbovu.

Hiyo ndiyo nadharia. Nadharia haimtoi mtu kwa chifu. Nilihitaji ushahidi, na nilitaka kuupata bila kuligusa lile faili, kwa sababu faili lililofunguliwa na kuhifadhiwa upya na mpwa wa mtuhumiwa usiku wa kuamkia kesi ni faili lisilo na maana.

Nikajaribu kulisoma kupitia Ubuntu, sehemu ya Windows ikiwa imefunguliwa kwa kusoma tu. Ubuntu ikalalamika kwamba sehemu ile haikufungwa vizuri. Hili nalo ni jambo la kawaida kwenye mashine zenye mifumo miwili, kwa hivyo nilipitie haraka: Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup, ambacho ukibonyeza kuzima, hakizimi kabisa. Kinalaza kiini cha Windows kwenye diski ili kesho kiamke upesi. Kwa Linux, diski hiyo inaonekana kama nyumba ambayo mwenyewe yumo ndani amelala. Kuingia kuangalia unaweza, kuhamisha viti hapana. Mimi nilitaka kuangalia tu, kwa hivyo haikunisumbua. Wewe ukitaka kuandika huko, rudi Windows, shikilia Shift huku ukibonyeza kuzima, itazima kikweli. Au uiondoe Fast Startup moja kwa moja kwenye mipangilio ya umeme. Usikubali kulazimisha kwa amri ulizookota mahali wakati kuna hesabu za watu 18 ndani.

Nikanakili faili kwenye diski ya mkononi. Kisha nikamwomba shangazi taarifa ya M-Pesa yenye miamala yote tangu Januari 2024. Tukaketi mezani, yeye, binamu na mimi, tukaweka safu mbili kando kwa kando: saa ya M-Pesa na saa ya kitabu. Nikatoa moja kwa nyingine.

Mikutano ilikuwa 14, Desemba huwa hawakutani. Katika mikutano yote 8 ya kabla ya Septemba 2024, kitabu kiko nyuma ya M-Pesa kwa dakika 1 hadi 4. Huo ndio muda wa shangazi kusoma ujumbe, kutafuta jina, kuandika. Tangu Septemba, mikutano ni 6. Miwili iko vilevile, dakika 1 hadi 4. Minne iliyobaki ina mistari 47 ya M-Pesa, na katika kila mstari kitabu kiko mbele ya pesa kwa saa 2 na dakika 56 hadi saa 2 na dakika 59.

Iangalie tena hiyo. Saa tatu, ukitoa dakika 1 hadi 4. Mkono ni uleule, mwendo ni uleule, saa tu ndiyo imesogea. Mtu anayepika hesabu nyumbani saa sita mchana angelazimika kujua, dakika kwa dakika, ni lini wanawake 12 watatuma pesa alasiri ile. Kama shangazi angekuwa na kipaji hicho asingehangaika na chama.

Binamu akakumbuka ile miwili iliyokuwa sawa: Novemba alikuwa kwenye mtihani na hakuigusa mashine wiki nzima, na Januari shangazi alitumia intaneti asubuhi ile ile kwenye Windows kutuma barua pepe. Nami nikafungua kumbukumbu za matukio za Windows. Kila saa ya mfumo inapobadilishwa, Windows huandika tukio namba 1 chini ya Kernel-General, likisema saa imebadilika kutoka hapa kwenda hapa. Kumbukumbu za kabla ya Januari zilikuwa zimefutwa kupisha mpya, lakini Februari na Machi zilikuwapo, na kuruka kwa saa tatu kulikuwa kumeandikwa waziwazi, kila mara baada ya siku ambazo mashine ilikuwa na binamu.

Ilikuwa saa sita usiku tulipomaliza. Shangazi akaniuliza kama sasa nitaitengeneza. Nikamwambia hapana, kesho kwanza ikosee mbele ya watu.

Hapa nitoe maoni yangu kama mtu wa programu. Tuna tabia ya kudhani kwamba tukishaelewa kitu, tumemaliza. Ningeweza kusimama mbele ya akina mama wale nikazungumza UTC mpaka jua lizame, na wangeondoka wakisema mpwa msomi amekuja kumfunika shangazi yake kwa maneno. Wangekuwa na haki. Kwa hivyo usiku ule niliwasha Windows, nikaunganisha simu yangu, nikaiacha ijisawazishe, nikazima kikamilifu. Ubaoni sasa palikuwa na saa ya Voi.

Jumamosi walikuja 16. Mwenyekiti akafungua kwa sala, akasema kijana ana dakika zake. Nikaomba kila mmoja aangalie saa kwenye simu yake. Saa nane na dakika ishirini na tano. Nikawasha kompyuta, nikachagua Ubuntu, sikuunganisha chochote, nikawageuzia kiwambo.

"Inasema ngapi?"

"Kumi na saba na ishirini na tano," akasoma mama mmoja aliye mwalimu. "Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jioni."

Minong'ono. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, tukasubiri kidogo, ikaruka yenyewe hadi 14:27. Sikuwa nimegusa kibodi. Mwenyekiti akaomba aishike mashine yeye, nikampa. Nikasema sasa tunywe chai robo saa, na mashine ikae hapo katikati ya meza, mtu asiiguse. Ningeweza kuandika amri moja kuiharakisha, lakini nilichotaka ni mikono yangu iwe mfukoni. Chai ikanywewa. Katibu hakuondoa macho kwenye kiwambo hata alipokuwa akila mahamri.

Baada ya robo saa nikazima hotspoti, nikamwomba katibu mwenyewe aizime na kuiwasha, achague Windows. Simu zao zilisema saa nane na dakika hamsini. Windows ikafunguka na kusema 11:50 AM.

Kimya kikaingia. Kisha yule mama aliyekuwa wa kwanza kuuliza akasema, "Kwa hivyo sasa hivi ningetuma pesa, kitabu kingesema nimetuma kabla ya mkutano kuanza." Nikamwambia ajaribu. Akatuma shilingi 10. Shangazi akaandika, akabonyeza vitufe vyake vitatu. M-Pesa 2:52 PM, kitabu 11:54. Ndipo nikatoa ile karatasi ya mistari 47, na safari hii walitaka kuisoma.

Sitakuambia kwamba wote waliridhika. Wawili walisema kompyuta za siku hizi zinaweza kufundishwa kudanganya, na kwa kweli, zinaweza. Mmoja aliuliza swali ambalo sikulitarajia na ambalo lilikuwa zuri kuliko yangu yote: kama saa inaweza kusogea bila mtu kujua, kiasi cha pesa je? Nikamjibu kwamba kiasi kinaandikwa na shangazi kwa mkono na kinaweza kulinganishwa na taarifa ya M-Pesa, shilingi kwa shilingi, na tulikuwa tumelinganisha. Aliichukua karatasi, akakaa nayo pembeni karibu nusu saa na kalamu, akairudisha bila kusema neno. Kura ikapigwa, shangazi akabaki.

Sasa dawa, maana najua wengine mmesoma mkiruka kufika hapa. Ziko mbili, na unatumia moja tu. Ukitumia zote mbili umerudi ulikotoka, ila kwa upande wa pili.

Ya kwanza ni kuiambia Windows isome ubao kama UTC. Unaingia kwenye rejista, HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, TimeZoneInformation, unaongeza thamani ya DWORD iitwayo RealTimeIsUniversal, unaipa 1. Watengenezaji programu wengi wanaipenda hii kwa sababu ni safi: ubao uwe UTC, kila mtu atafsiri mwenyewe. Hivyo ndivyo tunavyojenga hifadhidata kazini.

Ya pili ni kuiambia Linux isome ubao kama saa ya mahali:

timedatectl set-local-rtc 1 --adjust-system-clock

Ukiandika timedatectl peke yake baadaye, itakuonya kwamba mpangilio huu hauungwi mkono kikamilifu na unaweza kuleta shida kanda ikibadilika au saa za majira ya joto zikija. Watu husoma onyo hilo wakaogopa. Onyo ni la kweli kwa mtu wa Berlin au Chicago ambaye saa yake husogezwa mara mbili kwa mwaka, na mifumo miwili inaweza kugombana ni nani ameshaisogeza. Kenya hatuna mambo hayo. Tuko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, na tumekuwa hivyo tangu 1942. Kabla ya hapo, kwa miaka mitano hivi, tulikuwa mbele kwa saa mbili na dakika 45; andika zdump -v Africa/Nairobi uone mwenyewe, ni kituko kizuri cha kumwonyesha mtu anayedai kanda za saa ni rahisi.

Nilichagua ya pili. Windows ndiyo inayotumika chini ya mwembe bila mtandao, kwa hivyo ndiyo inayopaswa kuwa sahihi ikiwa peke yake. Na najua kwamba siku moja fundi fulani ataifuta Windows ile na kuiweka upya, na rejista itaondoka nayo, na hakuna atakayenipigia simu mpaka iwe Jumamosi ya mkutano. Faida nyingine ni kwamba Ubuntu ya toleo lile ikishaambiwa ubao ni wa saa ya mahali, haiandiki tena kule. Inasoma tu. Ukitaka kuhakikisha, fungua faili /etc/adjtime. Mstari wa tatu utasema LOCAL badala ya UTC.

Tuliiandika amri hiyo palepale mezani baada ya kura, binamu akiwa ndiye anayechapa. Pia shangazi ameongeza safu: mbali na saa ya Excel, anaandika namba ya muamala wa M-Pesa, ile yenye herufi na tarakimu 10. Namba hiyo haijali ubao unasema nini. Katibu huzisoma kwa sauti mwisho wa mkutano, jambo linalorefusha kikao kwa dakika ishirini na ambalo hakuna aliyelalamikia.

Fundi hajarudisha pesa za betri.

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ile, kwa umri wake, haikubali Windows 11. Binamu anataka shangazi ahamie Ubuntu kabisa, hesabu ziwe za LibreOffice. Shangazi alikataa katakata kabla hajamaliza kusikiliza. Nilimwambia kwamba huko pia, Ctrl, Shift na nukta mkato inajaza saa vilevile. Akanyamaza kidogo, akaniuliza ni saa ya nani.